Nimeambiwa nitafakari, lakini nikifumba macho nawaona wagonjwa

Swali: "Mimi ni muuguzi wa wodi ya magonjwa ya ndani, huu ni mwaka wangu wa tisa. Mwezi uliopita tulipoteza wagonjwa wawili katika zamu moja ya usiku. Nilimfunika wa pili, nikajaza fomu, nikaenda kugawa dawa za asubuhi kana kwamba hakuna kilichotokea. Sikulia. Nilipofika nyumbani mwanangu alimwaga maji, nikamfokea mpaka mume wangu akaingilia kati. Kazini walituletea semina ya nusu siku: pumueni, fumbeni macho, tafakarini, jengeni ustahimilivu. Nimejaribu. Nikifumba macho nawaona wagonjwa na moyo unaanza kwenda mbio. Siku nyingine nasinzia hapo hapo. Halafu mimi ni mtu wa sala, sijui kama mambo haya yanaendana na imani yangu. Je, moyo wangu umekuwa wa jiwe? Na kupumua kutanisaidia nini ikiwa usiku tuko wawili kwa wagonjwa 40?"

Dada yangu, umeuliza mambo manne kwa mpigo: moyo wako, kufumba macho, imani yako, na uchache wenu wodini. Nitayagusa yote, ila la moyo litangulie, maana naona ndilo linalokunyima raha.

Hapana, hujawa na moyo wa jiwe. Usiku ule kulikuwa na wagonjwa wengine wanaokungoja, na mwili wako ulifanya ulichouzoesha kwa miaka tisa: uliweka huzuni kando ili mikono ifanye kazi. Tezi zilizo juu ya figo zilimwaga adrenalini, kisha kotisoli, homoni za kukabili hatari na msongo. Akili ikabana kwenye kazi iliyo mbele, hisia zikaahirishwa. Haya uliyasoma chuoni. Jambo ambalo vyuoni halisemwi vya kutosha ni kwamba hisia iliyoahirishwa hurudi kudai, na hupenda kudai mahali palipo salama, kwa watu ambao moyoni unajua hawatakukimbia. Mwanao alimwaga maji kidogo akapokea hasira ya zamu nzima. Ganzi ya wodini na ukali wa nyumbani vimetoka chungu kimoja.

Hata hivyo sitaki kukupoza kwa maneno matamu. Ganzi ya usiku mmoja ni ya kawaida. Ganzi inayokaa miezi ni habari nyingine. Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa lililoanza kutumika mwaka 2022, linaeleza uchovu uliokithiri wa kazi kwa dalili tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi au kuidharau moyoni, na kujiona hufanyi kazi yako vizuri tena. Limeuweka kama hali inayotokana na kazi, na halikuuita ugonjwa. Napenda wauguzi wajue hilo, kwa sababu wengi huja kwangu wakidhani wana kasoro ya kuzaliwa. Chanzo, kwa maelezo ya shirika hilo hilo, ni shinikizo la kazini la muda mrefu ambalo halikudhibitiwa ipasavyo. Jipime kwa dalili hizo tatu. Ukiona moja tu, na imekujia baada ya vifo vile viwili, una huzuni na umechoka. Ukiziona zote na zina miezi, soma kwa makini sehemu ya mwisho ya jibu hili.

Sasa ustahimilivu. Neno hili limetumika vibaya mno kwenye semina. Wauguzi hulisikia wakaelewa kwamba muuguzi imara ni yule asiyeguswa, na wale wanaoguswa wajifunze kujifunga. Mambo si hivyo. Mwanasayansi wa ubongo Tania Singer na mwenzake Olga Klimecki waliwafundisha watu njia mbili za kukaa na mateso ya mwingine. Kwanza waliwafundisha kuhisi maumivu ya mtu kama yao wenyewe. Waliofanya hivyo walizidi kuumia, na kwenye picha za ubongo yakawaka maeneo yanayohusika na maumivu. Kisha wakawafundisha watu hao hao kumtakia mema mtu anayeteseka, kwa upole, bila kuyabeba maumivu yake. Hisia nzuri zikarudi, na maeneo mengine ya ubongo yakafanya kazi, yale yanayohusiana na upendo na kuridhika. Mateso yaliyotazamwa yalikuwa ya aina ile ile. Kilichobadilika ni namna ya kuyakaribia.

Kwa hiyo una njia zaidi ya mbili ulizozoea kuziona, yaani kufa ganzi au kufa na kila mgonjwa. Ipo njia ya kukaa karibu bila kuzama, na hii hufundishika. Mazoezi ya kutafakari, yakifanywa vizuri, hufundisha hilo hasa. Mtu akikuambia lengo la mazoezi hayo ni kuondoa mawazo kichwani, hakuyaelewa: mawazo hayaondoki, hata kwa waliozoea miaka mingi. Unachojifunza ni kuyaona yanapokuja na kurudi ulipokuwa.

Je, mbona ulipofumba macho mambo yaliharibika? Kwa sababu ulipewa zoezi gumu kuliko yote wakati mbaya kuliko yote. Mpango unaojulikana zaidi wa mafunzo haya ulianzishwa mwaka 1979 na Jon Kabat-Zinn katika chuo kikuu cha udaktari huko Massachusetts, Marekani. Kwa kawaida huchukua wiki 8, darasa la saa mbili na zaidi kila wiki, mwalimu yupo, na mazoezi ya nyumbani karibu kila siku. Nyinyi mmepewa nusu siku. Halafu ukafika nyumbani umetoka zamu, macho mazito, ukakaa kimya na kufumba macho. Ukimya na giza ndivyo hasa vinavyoifungulia mlango picha iliyoahirishwa. Kwa mtu aliyeona kifo karibuni, hilo ni jambo linalotarajiwa, na linajulikana kwa wanaofundisha mazoezi haya kwa uangalifu. Hukushindwa.

Basi acha kufumba macho kwa sasa. Fungua macho, tazama kitu kimoja kisicho na maana yoyote, ukutani au sakafuni, na peleka umakini wako nje ya kifua: nyayo zako zinavyokanyaga chini, mgongo unavyoegemea kiti, sauti zilizo mbali. Picha ya mgonjwa ikija, isemee kimoyomoyo, "nakumbuka," kisha rudi kwenye nyayo. Dakika mbili zinatosha. Ikikuzidi, simama, tembea, nawa uso. Kuacha zoezi linalokuumiza ni uamuzi wa busara.

Na ile siku unayosinzia, lala. Mwili unalipa deni la usingizi. Hakuna tafakuri inayochukua nafasi ya usingizi wa mtu anayefanya zamu za usiku, na nawaonea wasiwasi watu wanaojaribu kuufidia kwa mazoezi ya pumzi. Kama unaendesha gari kurudi nyumbani, usifanye zoezi lolote la kujituliza njiani.

Kuhusu pumzi zenyewe, wewe unaweza kuzipima kwa vidole vyako. Shika mapigo kwenye kifundo cha mkono, kaa kimya, vuta pumzi polepole, kisha itoe polepole zaidi. Utakuta mapigo yanaenda kasi kidogo unapovuta na kupungua unapotoa. (Kwa vijana hili huonekana wazi, kadiri umri unavyosogea tofauti hupungua, kwa hiyo usitishike usipoihisi vizuri.) Unapotoa pumzi, neva ya vagasi, ambayo ni kama breki ya moyo, huupunguza moyo kasi; unapovuta, breki hiyo hulegea. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, wewe unahesabu kila siku. Ukishuka hadi pumzi 6 hivi kwa dakika, mapigo na shinikizo la damu huanza kwenda kwa mwendo mmoja, na breki hiyo hufanya kazi vizuri zaidi. Kwa vitendo ni kuvuta kwa hesabu ya nne na kutoa kwa hesabu ya sita.

Kosa ninaloliona sana: mtu akiambiwa "vuta pumzi ndefu", anavuta kwa nguvu, mara nyingi, kifua kinapanda. Matokeo yake hewa ya ukaa hupungua mwilini, kichwa kinakuwa chepesi, vidole vinachonyota, na anadhani amepata ugonjwa. Umewahi kumtuliza mgonjwa wa namna hiyo, sivyo? Basi usijitengenezee hali yake. Vuta kidogo tu, kwa pua, bila kelele. Kazi yote iko kwenye kutoa.

Lakini utafanya lini, na zamu haina nafasi? Hapa ndipo ninapotofautiana na walioandaa semina yenu. Usitafute nusu saa ambayo haipo. Tumia nafasi ambazo kazi tayari imekupa. Kubwa kuliko zote ni kunawa mikono. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, kunawa kwa maji na sabuni huchukua sekunde 40 hadi 60, na kutumia kitakasa mikono sekunde 20 hadi 30. Unafanya hivyo kabla ya kumgusa mgonjwa na baada ya kumgusa, siku nzima. Hakuna mkuu wa wodi atakayekuuliza kwa nini umesimama kwenye sinki. Sekunde hizo ni pumzi tatu au nne ndefu za kutoa. Wakati maji yanapita, hisi maji. Legeza mabega. Unapokausha, mwache uliyetoka kwake, na kabla hujageuka mtaje moyoni unayemwendea. Hujapunguza wala kuongeza dakika kwenye kazi yako, na mikono imenawiwa vizuri kuliko kawaida.

Mahali pa pili ni pale unaposhika mkono wa mgonjwa kuhesabu mapigo, au unapongoja kipimo cha presha kimalize. Hapo jaribu ile njia ya pili ya Singer na Klimecki: mtakie mema kwa maneno machache usiyoyatamka. "Upate nafuu. Usiogope. Usiwe peke yako." Chagua maneno yako, yawe mafupi. Anza na mgonjwa ambaye ni rahisi kumpenda. Yule anayetukana wauguzi mwachie wiki za baadaye. Baada ya siku kadhaa ongeza mtu mmoja kwenye orodha, nawe unajua ni nani. Wauguzi wengi humtakia mema kila mtu wodini isipokuwa wao. Kanuni za maadili za Baraza la Kimataifa la Wauguzi, zilizopitiwa upya mwaka 2021, zinamtaka muuguzi athamini utu wake na afya yake mwenyewe pia. Kwa hiyo hilo ni sehemu ya taaluma, hupaswi kulionea aibu.

Kifo ndicho kinachohitaji nafasi yake. Muuguzi mmoja wa kitengo cha dharura huko Virginia, Marekani, Jonathan Bartels, aliona kwamba timu inapomaliza kuhangaika na mgonjwa akafariki, kila mtu huvua glovu na kuondoka. Akaanza kuwaomba wenzake wasimame pale pale, kama dakika moja, kimya, kumheshimu mtu aliyekuwa hai na kazi waliyoifanya kujaribu kumwokoa. Hakuna sala ya pamoja wala hotuba, kila mmoja na lake moyoni. Utaratibu huo umeenea hospitali nyingi. Laiti usiku ule ungalikuwa nao. Dakika moja isingezuia huzuni, lakini ingeiambia akili kwamba jambo kubwa limetokea na wapo walioliona pamoja nawe. Huhitaji kibali kuanza: mwambie mwenzako wa zamu, "tusimame kidogo kabla hatujamfunika." Kama yuko mgonjwa mwingine anayezidiwa, kimbilieni huyo kwanza, msimame baadaye.

Kisha kuna mlango wa kutokea. Kukabidhi zamu, ukikufanya vizuri, ni tafakuri tosha, maana unatamka kwa mdomo kwamba kuanzia sasa mgonjwa huyu yuko mikononi mwa mwingine. Shida ni kwamba tunakabidhi wagonjwa na kubaki na wasiwasi. Kabla hujavua sare, jiulize mambo mawili: nini sikukimaliza, na nani amekipokea? Kama hakuna aliyekipokea, rudi ukamwambie sasa, kuliko kuamka saa nane mchana ukipiga simu wodini. Ukifika nyumbani, mwombe mume wako dakika kumi kabla ya kukuletea habari yoyote. Na mwanao mwombe radhi kwa yale maji, watoto hupokea vizuri sentensi fupi kama "nilikuwa nimechoka, haikuwa kosa lako."

Kuandika nako husaidia baadhi ya watu. Njia iliyochunguzwa zaidi ni ya James Pennebaker: dakika 15 hadi 20 za kuandika juu ya jambo zito, kwa siku tatu au nne, bila kujali tahajia, kisha basi. Jua mapema kwamba mara tu baada ya kuandika watu hujisikia vibaya zaidi; nafuu, kwa wanaoipata, huja baadaye. Usiifanye kabla ya kulala. Na usiandike jina la mgonjwa wala chochote kitakachomtambulisha, hata kama daftari linakaa uvunguni.

Imani yako. Kutulia, kupumua polepole na kurudisha umakini ni uwezo wa mwili, kama kutembea, hauna dini. Ni kweli kwamba mengi ya mazoezi haya yalichotwa kwenye mapokeo ya Kibudha, na mwalimu akiyaleta na ibada yake una haki ya kuikataa sehemu hiyo. Lakini humkosei Mola wako kwa kuhesabu pumzi. Na kama una sala, tayari una zoezi ulilolijua tangu utotoni, ambalo hukulitumia kwa sababu semina haikulitaja. Sala fupi inayorudiwa kwa mwendo wa pumzi, tasbihi, zaburi moja unayoijua kwa moyo, vyote vinafaa pale kwenye sinki. Sharti moja: isiwe sala ya kujishtaki. Nimewasikia wauguzi ambao kila wakipiga magoti hujihukumu kwa yule aliyekufa. Sala ya namna hiyo inachosha kuliko zamu.

Nimeliacha la wagonjwa 40 hadi sasa kwa makusudi, maana ndilo lenye uzito kuliko yote na hakuna pumzi inayolitatua. Linda Aiken na wenzake walichunguza hospitali 168 za Pennsylvania, matokeo yakachapishwa mwaka 2002: kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa kwa muuguzi aliambatana na ongezeko la asilimia 23 katika uwezekano wa muuguzi kuchoka kupita kiasi, na asilimia 7 katika uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30. Na mwaka 2024 ulichapishwa utafiti wa Uingereza uliotazama wafanyakazi zaidi ya 46,000 wa kazi mbalimbali. Waliohudhuria mafunzo ya ustahimilivu na kudhibiti msongo hawakuwa na hali bora kuliko wenzao ambao hawakuhudhuria. Tafiti za wauguzi wanaofanya mazoezi kwa wiki kadhaa huonyesha nafuu katika msongo na wasiwasi, lakini nyingi ni ndogo na nafuu yenyewe ni ya kadiri. Kwa hiyo ukihisi kwamba semina ile ilikubebesha mzigo wa uongozi, hukukosea kuhisi hivyo. Mwajiri anayefundisha kupumua huku akiacha nafasi za wauguzi wazi anaukwepa wajibu wake.

Kwa nini basi nikufundishe? Kwa sababu utaingia zamu kesho, na watu wawili kwa 40 hawatageuka wanne kwa usiku mmoja. Na kwa sababu muuguzi aliyetulia huona na kusema vizuri zaidi. Aliyekufa ganzi husema "ndivyo kazi ilivyo." Wewe andika: tarehe, idadi ya wagonjwa, idadi ya wauguzi, kilichoshindikana kufanyika. Zamu baada ya zamu, bila matusi. Peleka kwa maandishi kwa mkuu wa wodi, na mkiwa wengi pelekeni pamoja, kupitia chama chenu kama mnacho. Zoezi lolote likikufanya uzidi kuvumilia lisilovumilika, limekudhuru, liache.

Mwisho, msaada wa ana kwa ana. Picha za wagonjwa zikiendelea kukujia zaidi ya mwezi mmoja, ukiruka vitanda fulani au vyumba fulani kwa sababu ya kumbukumbu, ukikosa usingizi hata siku za mapumziko, au huzuni na kutofurahia chochote vikikaa siku nyingi kwa wiki mbili, muone mshauri nasaha au daktari wa afya ya akili. Yapo matibabu ya mazungumzo yanayosaidia kumbukumbu za namna hii kuliko tafakuri ya peke yako. Pima pia wingi wa damu na tezi ya thairoidi. Nimeona uchovu ukiitwa msongo kumbe ni upungufu wa damu. Kama umeanza kutumia pombe ili ulale, au umetazama kabati la dawa kwa jicho ambalo si la kazi, usingoje wiki mbili. Ukipata wazo la kutaka kufa, mwambie mtu leo, awe mume, mwenzako wa zamu au daktari wa zamu, na usibaki peke yako wala na funguo za dawa. Wauguzi hujua dozi, na ndiyo maana nasisitiza.

Unaogopa habari kuzagaa hospitalini? Nenda kituo kingine. Ukishindwa pa kuanzia mlangoni, mpe mshauri maneno uliyoniandikia mimi, neno kwa neno, kuanzia usiku wa vifo viwili hadi maji yaliyomwagika. Hayo yanamtosha kuanza nayo.